Mjane wa Kwenye Mkanda

Msiniulize kama filamu ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa ndefu! Tulitoka misa ya pili tukaingia kwenye kibanda cha video cha Eustace, hapahapa Ushirombo, tukakalia mabenchi mpaka makalio yakafa ganzi. Mikanda miwili mizima, jenereta ikaongezwa mafuta katikati. Na mwisho wake ulinitia hasira ambayo hata leo nikiitaja natetemeka.

Aliyeitaka ni jirani yangu Serafina, Mama Theonest. Mumewe Agapiti alifukiwa na shimo la dhahabu kule Geita, mwaka tisini na tano, akamwachia watoto watatu. Nyumba ya bati aliijenga Serafina mwenyewe kwa mpunga wa majaruba yake. Mimi Zipora nilibeba naye maji ya kufyatulia matofali, kwa hiyo asije mtu hapa kunidanganya. Matanga hayajapoa, shemeji yake Thobias akaanza kupitapita uani akikagua paa. Anataka kumrithi. Ana mke wake, Agatha, lakini eti mila ni mila. Thubutu! Mila gani hiyo inayoanza kwa kutazama bati?

Wazee wa ukoo wakataka jibu. Serafina akatafuta njia ya adabu ya kukataa. Zamani, kwenye darasa la ushonaji la misheni, sista mmoja aliwasomea wasichana riwaya ya kale ya Kizungu, kidogo kidogo, wao wakishona. Ni habari ya mjane wa mchimba makaa ya mawe. Shemeji anamtaka, kijiji kizima kinamsukuma, yeye anakataa, analima peke yake mpaka anazeekea kwenye mlango wake. Serafina aliikariri kama sala. Aliposikia riwaya ile imetengenezwa filamu, na kwamba Hozefa mwenye duka la mikanda Shinyanga mjini anayo, alimganda Eustace mpaka akaenda kuikodi. Kisha akaenda kumpigia magoti baba mkwe wake, Mzee Clemens.

"Shikamoo baba. Jumapili njooni wote mkaone. Mkishaona mtanielewa."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Tutakuja."

Wakaja ukoo mzima, wakajaza mabenchi ya mbele. Mkanda wa kwanza ulikwenda vizuri. Eustace anatafsiri kwa kelele, mgodi unaporomoka, mjane analia, na sisi wanawake tunalia naye. Serafina ananifinya paja: "Ngoja, Zipora, ngoja uone atakavyomjibu!"

Tukangoja. Mkanda wa pili, karibu na mwisho, shemeji akabisha hodi. Mjane akafungua mlango. Lahaula, si akamwangukia kifuani! Muziki, maua, harusi. Wameigeuza! Wamechukua riwaya ya watu wakaitupa, wakatubandikia harusi ili watazamaji wafurahi. Na kweli walifurahi, washenzi wale. Vijana walipiga miluzi, na Thobias akasimama akapunga mkono utadhani bwana harusi ni yeye.

"Mchimba kisima kaingia mwenyewe!" mtu akapiga kelele kule nyuma, kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mzee Clemens akageuka taratibu. "Mama Theonest, umetuita tuone. Tumeona. Kumbe hata Wazungu wanarithi wajane. Sasa sisi tubishe nini?"

Nilitaka kupasuka. Nikainuka nimtukane mtu, yeyote yule, hata Eustace na deki lake. Serafina akanivuta gauni nikakaa. Akaenda mbele mwenyewe, akasimama pale kwenye televisheni.

"Huo ni uongo," akasema. "Kitabuni alikataa. Lakini haya, tuseme alikubali. Baba, yule mwanamke amelipwa aseme ndiyo. Walipozima mashine zao, alivua lile gauni akaenda kwake, na yule bwana naye akaenda kwake. Mimi nikisema ndiyo leo, Thobias ataenda kwake?"

"Kaa chini, mwanamke!" Thobias akafoka. "Unamjibu mzee na kiburi chako cha misheni!"

Hapo Agatha, mke wake, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, akainuka na mtoto mgongoni.

"Baba, mbona mimi hamniulizi? Aliyemwambia huyu ndiyo ni mimi. Tangu Krismasi watoto wake hajawanunulia hata kandambili. Leo anataka wengine watatu awapeleke wapi?"

Thobias alitazama chini. Mzee Clemens alimwangalia mwanawe, akamwangalia weee, mpaka mimi mwenyewe nikaona haya. Kisha akachukua kofia yake.

"Kila mtu alale kwake," akasema. "Na asiyejua kwake ni wapi, Agatha atamwonyesha."