Picha Nilizompimia Mama

Daktari aliniambia niwe nikiandika kila kitu ambacho mama anakisahau, kisha nimrudie baada ya miezi miwili. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza: nitaanzaje kumpima mwanamke aliyenifundisha kuongea?

Mama ni Mzigua wa kijiji cha Mazingara. Baba alipofariki nilimleta kwangu Korogwe, na uwanja wangu wa nyuma, ambao ulikuwa mchanga na vifuu vitupu, akaugeuza bustani. Ana migomba, matembele, mawaridi, na kichaka cha pamba ambacho mbegu yake sijui aliitoa wapi. Mimi, binti yake, ni fundi cherehani, kazi naifanyia barazani, simu iko karibu muda wote. Basi nikaanza kupiga picha vitu vya bustanini na kumwonyesha jioni.

"Mama, hiki nini?"

"Umekaa nyumba hii miaka yote hujui mpapai?"

Siku ya pili nilimwonyesha ndege mdogo mweusi mwenye kifua chekundu, amening'inia kwenye ua la mgomba.

"Chozi," akasema.

Nikamtazama machoni, nikidhani analia. Akacheka sana. "Ndiyo jina lake hilo. Huyu anafyonza utamu wa maua."

Kesho yake nikampa picha ya ndege mwingine, wa rangi ya udongo, hana urembo wowote. "Chozi," akasema tena, wala hakufikiri. Nikaweka alama ya kosa kwenye daftari. Ua la manjano hafifu aliliita pamba. Siku mbili baadaye nikampa la pinki, nalo akaliita pamba. Kosa la pili. Halafu jani la tembele, mboga aliyoichuma mwenyewe asubuhi ile, alilitazama kwenye kioo cha simu muda mrefu, akauliza, "Hili umelipiga wapi?"

Nilipiga simu Handeni kwa kaka yangu. Nikamsomea daftari.

"Nakuja Jumamosi kumchukua," akasema. "Nitamrudisha Mazingara. Kule kila mti anaujua."

Sikubisha. Sikukubali pia.

Alhamisi nilikuwa nimekaa karibu na pipa la maji nikimvizia yule ndege mweusi. Akaja na mdudu mdomoni, akaruka hadi kwenye waya pembeni ya paa, palipokuwa na kifurushi cha majani makavu nilichodhani ni takataka za upepo. Vichwa vidogo vya makinda vikatokeza, akavilisha. Kabla hajafika mbali, akatua yule wa rangi ya udongo, naye akavilisha vilevile. Nilisahau kubonyeza simu. Walikuwa dume na jike wa chozi huyohuyo.

Nikaenda moja kwa moja kwenye pamba. Nilichukua uzi mwekundu, nikaufunga kwenye kikonyo cha ua la manjano lililofunguka asubuhi ile. Ijumaa nilipoamka, uzi ulikuwa palepale na ua lilikuwa pinki.

Nilisimama na daftari mkononi. Makosa mawili kati ya yale matatu yalikuwa yangu. Sasa na lile la tembele je? Labda picha ilikuwa mbaya. Niliitazama upya, nikaona ni jani la tembele, safi kabisa, hata mtoto angelijua.

Kaka alipofika, alimwamkia mama, akanivuta pembeni. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo anasahau au hasahau?" akauliza.

"Sijui."

"Sasa mimi nimekuja kufanya nini?"

Akachukua simu yangu, akanisimamisha kwenye migomba, akanipiga picha. Kisha akampelekea mama alikokaa. "Mama, huyu nani?"

Mama akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Uso ukamchangamka. "Si dada yangu huyu! Mmempata wapi?"

Dada yake alifariki kabla sisi hatujazaliwa. Hakuacha picha hata moja. Hapakuwa na aliyeweza kusema kama nafanana naye au la. Mama alikuwa amenigeukia mimi mwenyewe. "Mwanangu, mbona hujamkaribisha kaka yako chai?"

Kaka alikunywa chai, akasema tumngoje daktari, akarudi Handeni peke yake.

Miezi miwili ilipotimia nilimpelekea daktari daftari pamoja na simu. Aliangalia picha moja moja, akamhoji mama peke yake kwa muda mrefu. Alisema usahaulifu umeanza kweli, ila unakwenda taratibu. Mara nyingi hula mambo ya juzi na jana, ya zamani huyaacha. Akaniambia nisimhamishe nyumba. Maneno yake yalinituliza mpaka getini tu. Nilipofika barabarani nikawa sijui tena niogope kipi, anachosahau au anachokumbuka.

Siku hizi kuna asubuhi mama huniita dada. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, naye anaona aibu, anashinda chumbani hadi jioni. Sasa naitika. Hapo hunisimulia jinsi walivyoiba karanga shambani kwa mjomba wao wakajificha korongoni, hadithi ambazo sisi watoto wake hakutuambia hata siku moja. Nacheka naye, halafu najiona kama mwizi anayesikiliza maneno ya mtu mwingine. Kaka akipiga simu kuuliza mama anaendeleaje, namwambia ya asubuhi hiyo tu, kwa sababu jibu la jana silo la leo.