Watoto wa Mbwa kwa Kinyozi

Kinyozi wa kichochoro kimoja cha mji wa Sfax, Tunisia, aliwapangusa watoto wa mbwa koko aliyezalia chini ya benchi lake kama alivyowahudumia wateja: kitambaa cha vuguvugu, masikio kwanza, tumbo, mwisho matako, huku akiwauliza habari za nyumbani. Lutfi, bwana harusi, alikuwa kitini, shavu moja limenyolewa, lingine povu tupu.

“Ami, wakwe wananingoja!”

“Vumilia, mwanangu. Huyu kajinyea.”

Yule mdogo kabisa alikuwa baridi, hajitikisi. Kinyozi akamlaza mapajani. Akamsugua kwa taulo, akamsugua tena. Ghafla mkojo ukaruka hadi kwenye shati jeupe la Lutfi, kisha kikafuata kilio chembamba.

“Yu hai!” Lutfi akapiga kelele, akaruka kitini na povu lake. “Ami, nipe mwingine nimpanguse!”