Nyuki wa Bi Mehitable Hawajaambiwa

Ukiwauliza watoto wa Orrin Pike, mhunzi wa Pomroy kule kwenye milima ya Vermont, bibi yao ni nani, watakutajia Mehitable Stannard bila kupepesa macho. Sasa hesabu mwenyewe. Mehitable hakumzaa Orrin, wala hakumzaa Lovina, mkewe Orrin. Hana hata tone la damu kwa watoto wale. Lakini ole wako uwaambie hivyo.

Baba yake Mehitable alikuwa mkulima wa mawe, kama wakulima wote wa huko. Viazi vilijitokeza kwa bahati tu. Aliolewa na Eliphalet Stannard, mkata miti, mtu mpole asiyejua kugomba, akaja kwake na ng'ombe mmoja na mizinga ya nyuki aliyopewa na mama yake. Nyuki wale walikuwa wake kabla mume hajawa wake, na Eliphalet alikumbushwa jambo hilo kila walipokosana.

Nyuki wa Pomroy ni watu wa nyumbani. Pakiwa na msiba wanaambiwa, pakiwa na harusi wanaambiwa na kuletewa kipande cha keki. Mkuu wa nyumba ndiye anayekwenda, ufunguo wa mlango wa mbele mkononi, akagonga kila mzinga, akalitaja jina la marehemu, akafunga kitambaa cheusi. Usipowaambia, wanasusa. Hilo Mehitable alijifunza kwa machungu. Binti yake wa kwanza, Thankful, alipokufa kwa ugonjwa wa koo, mama alichanganyikiwa akasahau, na kabla ya theluji mizinga ikawa mitupu. Majirani walimpa pole ya mtoto na kumlaumu kwa nyuki kwa pumzi moja. Akaanza upya na kundi moja la kuomba. Kwa hiyo Eliphalet alipoangukiwa na mti, mjane huyu alikwenda mizingani kwanza, ndipo akarudi kuuosha mwili.

Wakabaki wana wawili. Mkubwa, Ruel, alihamia Wisconsin kutafuta ardhi isiyo na mawe, akaipata, akasahau njia ya kurudi. Mdogo, Asahel, akabaki na mama, akamwoa Lovina, binti wa msaga nafaka, na kabla viatu vya harusi havijalegea akaenda vitani, Kaskazini ya Marekani ikipigana na Kusini. Hakurudi. Mwenzake mmoja alirudi na mkono mmoja, akasema alimwona Asahel akiingia kwenye kichaka kinachowaka moto kule Virginia, na hakumwona akitoka.

"Hukumwona akitoka," alisema Mehitable. "Basi hukuona kitu. Kunywa chai yako."

Pomroy nzima nyumba zilikuwa zikifunga vitambaa vyeusi mizingani. Kwa Mehitable hakikufungwa kitu. Maadamu nyuki hawajaambiwa, Asahel yu hai, na mwenye neno aje alisemee mlangoni.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sikatai. Lakini Lovina naye? Msichana wa watu aliishi pale mwaka baada ya mwaka, akikamua ng'ombe, akichemsha utomvu wa miti kuwa sukari theluji ilipoyeyuka, si mke wala si mjane. Mara ya kwanza machozi yalipomtoka, akikunja shati la mumewe, mama mkwe alimpokonya shati.

"Unamlilia nani? Mke wa mtu aliye hai halii. Usinichurie mwanangu!"

Basi Lovina akajifunza kutolia. Ikawa mazoea, na mazoea yana taabu.

Ndipo Orrin Pike alipoanza kuleta visingizio. Leo bawaba ya zizi imelegea, kesho ndoo haina mpini. Bawaba zilikuwa nzima. Mhunzi ndiye aliyelegea. Alipoona bawaba zimekwisha, alisema wazi pale kisimani.

"Lovina, nataka tuoane."

"Mwambie Mama."

"Nimemwambia. Kaniambia una mume."

"Basi umeshajibiwa."

"Na wewe je? Wewe unasemaje?"

Lovina aliitazama ile mizinga nyuma ya nyumba. "Nyuki hawajaambiwa, Orrin."

"Loo! Kumbe nyuki nao ni wakwe zangu? Niwaletee mahari?"

Alicheka, naye Lovina akacheka kidogo, maana alimtaka. Alimtaka sana, na alitaka watoto kabla umri haujampita. Lakini kumvunja yule mama hakutaka, na huo ndio mtego wenyewe.

Walijaribu. Mchungaji alisimama madhabahuni akatangaza ndoa yao, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mehitable akasimama na kofia yake ya Jumapili. "Ana mume," akasema, akakaa. Mchungaji alikuwa msomi, na alikwisha kuhubiri kwamba habari za nyuki ni upuuzi wa kizamani. Hata hivyo wiki ile alipita kwa Stannard, akachungulia nyuma ya nyumba, akaona hakuna kitambaa, akasema heri tungoje kidogo. Usomi nao una mpaka wake.

Wanawake wa kanisani hawakuwa na huruma. Walimuuliza Lovina, "Mhunzi wako anaendelea kugonga chuma baridi?"

Orrin alingoja mpaka baridi ikakaribia na majani yakaanza kuwa mekundu, kisha akamwambia Lovina anauza karakana, anakwenda magharibi. Hakumtisha. Alisema kwa unyonge, akiitazama kofia yake. Lovina akamwomba angoje mpaka Jumamosi.

Ijumaa asubuhi Mehitable aliitwa kwa jirani kumzalisha mkewe. Alipopotea tu kwenye kona ya barabara, Lovina aliuchukua ufunguo wa mlango wa mbele akaenda nyuma ya nyumba. Akapiga magoti kwenye nyasi penye mzinga wa kwanza. Akagonga. Ndani nyuki wakavuma, kisha wakatulia, kama wanaosikiliza.

"Asahel," akasema.

Neno la pili halikuja. Alijaribu tena. Alimfikiria Orrin na begi lake. Aligonga tena, akabaki pale na ufunguo, kinywa wazi.

"Mtoto katoka kabla sijavua kofia," ilisema sauti nyuma yake. "Na wewe huku unafanya nini?"

Lovina hakuinuka.

"Umewaambia?"

"Hapana, Mama."

"Usinidanganye! Ufunguo huo mkononi!"

"Nilitaka kuwaambia. Nimekuja kuwaambia." Alimgeukia. "Nimeshindwa. Jina nimelitaja, lililobaki halitoki. Orrin anaondoka kesho, na halitoki!"

Mehitable alivua kofia. Miaka yote ile alikuwa na hakika kwamba mkwewe alikwisha kumzika Asahel moyoni kitambo, kwamba ndani ya nyumba ile ni yeye mzee peke yake aliyemshikilia kijana asianguke. Alikuwa amemchukia kidogo kwa hilo, na sasa aliona haya.

"Lete," akasema.

"Mama, siyo lazima. Nitamwambia Orrin aende."

"Lete ufunguo, we mtoto. Kazi hii ni ya mwenye nyumba. Tangu lini mkwe akaijua?"

Akauchukua. Akaikunja mikono ya gauni lake, akagonga mzinga wa kwanza.

"Nyuki wangu, Asahel amefariki. Amefia vitani. Msiondoke."

Akaenda wa pili, akasema vilevile. Wa tatu, sauti ikapungua. Kitambaa hakuwa nacho, kwa hiyo alipofika wa mwisho aliichana aproni yake nyeusi, vipande virefu virefu, akarudi nyuma akiifunga mizinga yote mmoja mmoja, na mafundo yakimponyoka vidoleni. Kwenye ule wa mwisho aliinama tena.

"Na Lovina anaolewa," akawaambia. "Keki mtaletewa."

Kisha akasimama, mkono kiunoni, bila aproni.

"Haya, nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu. Nenda kamwite huyo mhunzi kabla sijabadili mawazo."

Lovina hakwenda. Kilio kilichozuiwa miaka yote kikamtoka kwa sauti, kilio cha mjane, akiliita jina la mumewe mbele ya nyuki na ng'ombe na majirani waliokuwa wakipita. Mehitable hakumkataza. Aliketi naye chini kwenye nyasi zenye umande, akamlaza kichwa mapajani, akasema, "Lia, mwanangu. Sasa lia."