Kona za Barabara ya Muleba

Petronila wa Nyanga alikuwa amempoteza mtoto na kumzika mume. Mtoto wake wa kwanza, Ildefons, alikwenda na jeshi kumng'oa Amini, hakurudi. Miaka mitano baadaye mume naye akafa kwa UKIMWI, ugonjwa ambao Bukoba wakati ule waliuita Juliana. Akabaki na Clavery tu. Basi siku aliposikia kwamba Burhani, fundi wa mjini, amemwingiza Clavery kwenye timu yake ya mbio za magari, aliliacha tonge sahanini.

Burhani hakuwa mtu wa pupa. Vijana wake walianza kwa kulala chini ya gari, wakifungua na kufunga mpaka walijue kwa vidole. Kisha aliwatembeza kwa miguu barabara ya Muleba, kona kwa kona, wajue changarawe inateleza wapi. Usukani ulikuja mwisho, na hapo Limbu, dereva wa timu, aliketi pembeni ya mwanafunzi.

Lakini Limbu alikuwa akikonda. Petronila alimwona sokoni, akaijua hali ile, maana alimwuguza mumewe nayo nyumbani kwake. Alijitanda kanga, akaenda gereji.

"Mzee Burhani, nirudishie mwanangu. Unamharakisha kwa sababu dereva wako anakwisha."

Burhani aliinamisha kichwa. "Dereva anakwisha, mama, sikatai. Ila simkabidhi gari mtu ambaye hajaiva. Panda, ujionee."

Akapanda kiti cha nyuma, rozari mkononi; Clavery alishika usukani, Limbu pembeni yake. Kwenye mteremko wa Muhutwe migomba ilikimbia dirishani, naye akasahau amefikia Salamu Maria ya ngapi.

"Gia kwanza, breki baadaye," Limbu alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Ghafla lori la kahawa likatokea konani, limekalia katikati ya barabara. Petronila aliuona mkono wa Limbu ukinyooka kuushika usukani, ukaishia njiani, ukaanguka pajani. Clavery alishusha gia, akalipeleka gari ukingoni, magurudumu yakakwaruza nyasi, lori likapita.

Clavery aliposimamisha gari, Limbu aligeuka nyuma. "Umeuona mkono wangu, mama waitu. Sikuweza kumsaidia. Ametuokoa wote watatu. Niachie nimmalizie mafunzo kabla sijalala kabisa."

Petronila alilia, kisha akakubali, ingawa moyo haukukubali.

Limbu alizikwa kabla ya mbio. Siku yenyewe Petronila hakwenda barabarani kama majirani. Alishinda kibanjani, kati ya migomba yake, akipalilia, na kila honi iliyosikika ilimsimamisha jembe hewani. Jua lilikuwa limeinama Clavery alipoingia, mwekundu kwa vumbi.

"Wa tatu, mama! Mzee Burhani amesema gari sasa ni langu."

Petronila alimshika mabega kwa nguvu.

"Mbio nyingine ni lini?"

"Septemba."

"Haya," alisema, "kanawe ule." Akageuka upande wa jiko ili mwanawe asimwone akiishika rozari.