Vita Dhidi ya Kichuguu

Juzi katika ofisi moja ya serikali hapa Garissa, mbele yangu alisimama askari wa akiba kutoka Ijara, mmoja wa raia wanaopewa bunduki walinde mifugo. Alitoa risasi tatu mfukoni akazipanga kwenye kaunta. "Hii ndiyo imebaki. Niongezee."

Karani hakuinua hata kichwa. "Risasi hakuna. Tumia hizo vizuri."

Mwanajeshi mstaafu aliyekuwa nyuma yangu akacheka. "Sisi mazoezini tulikuwa tunazimaliza tu," akasema kwa majivuno. "Zikibaki, mkubwa anasumbuka na fomu za kuzirudisha, na mwaka ujao mnapunguziwa. Kwa hivyo siku ya mwisho tulikuwa tunapiga kichuguu kutwa nzima, mpaka mtutu unachoma mkono."

Yule wa Ijara akageuka polepole. "Adeer," akamuuliza kwa adabu zote anazostahili mzee, "hiyo kichuguu iliiba ng'ombe ya nani?"

Mstaafu akaanza kukagua viatu vyake. Yule wa Ijara akakusanya risasi zake, akazirudisha mfukoni, akafunga kifungo.

Basi tujipongeze, mchwa tumewashinda. Wezi wa ng'ombe tunawaomba tu wasizidi watatu.