Mtaimbo Juu ya Tembe la Wakwe

Chekeni tu, jamani, aibu yenyewe ilishazeeka na mimi nimechoka kuificha: ndiye mimi yule mtu wa Pangani aliyetoboa paa la wakwe zake kwa mtaimbo, halafu akatumbukia ndani mwenyewe, mchana kweupe, nusu ya kijiji chao cha Ipagala ikitazama.

Enzi hizo Mjerumani ndiyo kwanza amefikisha reli Dodoma, na kazi yangu ilikuwa kupima malundo ya kokoto kando ya njia. Nachomeka mtaimbo juu ya lundo mpaka uguse ardhi, natia alama ya chaki, nauchomoa, mnyapara anajua unene; kisha tunajaza kasha lisilo na kitako tujue ujazo, tunapakia kapu kwenye mizani tujue uzito, na kesho yake hivyo hivyo, na jua la huko mnalijua, na vumbi mpaka kwenye meno. (Mgongo huu mnaouona haukupindwa na uzee.)

Katika uchovu huo nikamposa Nyemo, binti wa Mzee Chilewa. Msichana yule akicheka unasahau kwamba kesho kuna kokoto. Nilimpenda, sina la kuficha. Wakanikubali, ila kwao posa ilitaka jasho: kabla ya mvua, mposaji aite wenzake wapandishe udongo mpya juu ya tembe la wakwe, maana paa la tembe ni bapa, miti chini, juu yake fito na nyasi, halafu udongo, na kila mwaka upepo na mvua vinaukwangua. Mshenga wangu akanionya pia, "Mama mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona, mpishe, naye atajifunika kaniki. Mkitazamana kabla ya ndoa, basi ndoa huna."

Siku yenyewe niliamka nimechoka kama nilivyolala. Nilipoliona lile lundo la udongo uwanjani kwa mzee, nikaanza kuhesabu makapu. Ndipo uvivu ukaninong'oneza: huenda udongo wa zamani bado unatosha, si upime kwanza? Na mtaimbo nilikuwa nao.

"Mbukwa, mkwe," Mzee Chilewa akanisalimu. "Chuma hicho cha nini?"

"Cha kupimia unene wa udongo, baba. Sisi wa reli hatubebi kitu kabla ya kupima."

"Sisi huku tunaangalia panapovuja, tunaongeza."

"Subiri uone, baba," nikasema (mdomo huu, jamani, ungeshonwa mapema).

Nikapanda. Nikachomeka, mtaimbo ukagoma. Kokoto hazina miti chini yake, paa la tembe linayo, lakini hilo halikunijia kabisa. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote na ghafla ukazama, mimi nikabaki nimeinama nimeshika ncha. Mtu mwenye akili angeshtuka, paa gani hilo lenye udongo wa kufika kiunoni? Mimi nikafurahi! Nikatia alama yangu ya chaki, nikauchomoa, nikaona umelowa, nikawatangazia walio chini, "Udongo ni mwingi kupita kiasi, na umekunywa maji! Uzito huu utavunja miti. Hauongezwi, unapunguzwa!"

Wenzangu, ambao nao walikuwa hawana hamu ya kubeba, wakapanda na majembe wakishangilia, wakaanza kukwangua. Mzee Chilewa kashika kidevu tu. Mimi pombe sinywi, lakini pua ninayo, na nilipousogeza ule mtaimbo usoni nikasikia harufu ya pombe ya mtama. Papo hapo ndani ya nyumba sauti ya mwanamke ikapasua, "Yalaa! Pombe yangu!"

Mtungi wa pombe ya kuwapongeza wabeba udongo ulikuwa chini yangu. Nilikuwa nimeupasua.

Mama mkwe akatoka amelowa, kaniki mkononi, kichwa wazi, akaanza kuinua uso juu ya paa amwone aliyeupasua. Nikalikumbuka onyo la mshenga, nikageuka nikimbilie upande wa pili, nikakanyaga palepale tulipokwangua. Miti ikalia, nikaenda nayo. Nilitua ndani ya kihenge cha mtama, nikazama mpaka kwapani, mikono juu. Naye mama, kusikia kishindo, akakimbilia ndani kuokoa mtama wake.

Tukatazamana.

Kunigusa hawezi, kuniacha hawezi. Akaugeukia ukuta, akauuliza, "Umeumia?"

Na mimi nikaujibu ukuta, "Hapana, mama."

"Basi kaa hapo hapo."

Nikakaa. Ilibidi wanaume waje wakate kihenge, na mtama wa mwaka ukamwagikia kwenye pombe na udongo.

Mzee Chilewa hakunifokea, afadhali angenifokea. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Msalato, akasema, "Funika paa kwanza. Mengine baadaye."

Wenzangu wote wakakumbuka wana shughuli makwao. Nikakata miti, nikafunga fito, nikabeba udongo peke yangu kapu baada ya kapu, siku baada ya siku, na hilo neno "baadaye" ndilo lililonipa nguvu, maana nilijiambia wakiona jasho langu watanisamehe. Nilipomaliza kushindilia kapu la mwisho, Nyemo mwenyewe akaja na kibuyu cha maji. Hakucheka. Alinipa kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Pole na kazi, kaka," akasema.

Mchumba haitwi kaka. Nikanywa maji yote, nikamrudishia kibuyu chake, nikauchukua mtaimbo wangu. Mvua ilinikuta njiani kurudi mjini, mvua kubwa kwelikweli, na niliambiwa baadaye kwamba kwa Mzee Chilewa halikuvuja hata tone.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia beba, nabeba.