Chumba Nyuma ya Kabati

Wezi walipovunja kwa jirani yetu hapa Kiminini, nilikosa usingizi. Nikaamua kujenga chumba cha kufichia hati ya shamba na vitu vyetu vya thamani. Nilikijenga kwa mikono yangu, maana fundi na mdomo wake ningemwamini vipi? Nilifunga mapazia mchana kutwa, nikasuka nondo, nikapanga mawe, nikachanganya simiti sebuleni. Kila aliyebisha hodi alinitoa jasho. Mlango wa chuma ulichomelewa Kitale, nikaubeba umefunikwa turubai kama maiti, kisha nikasukuma kabati mbele yake.

Aliyejua ni mke wangu peke yake. Jumapili moja nikatoka shambani, nikakuta uwanja umejaa watu wa kanisa na chai inachemka.

"Baba watoto, si unajua chumba kipya hakiingiwi bila maombi?" akaniambia.

Kabati lilikuwa limeshasogezwa. Pasta akaweka mkono kwenye mlango wangu wa chuma, akapaza sauti ikafika barabarani:

"Bwana, kilinde chumba hiki cha siri!"

Wote wakaitikia amina, hata wale nisiowajua.